Gari ya kwanza yenye turbo: kabla hujalipa, pita hapa kwanza

#1 Mleta uzi

Habari za muda huu wakuu.

Kila mara anakuja mtu humu anauliza "nataka gari yangu ya kwanza, nimeipenda moja ila ina turbo, haitanisumbua?" na majibu huwa ni yaleyale, nusu wanamwambia turbo ni ugonjwa kimbia, nusu wanamwambia chukua utafurahi, halafu jamaa anaondoka kama alivyokuja. Mimi hizi injini ndo kazi yangu, nazifungua na kuzifunga, kwa hiyo acha niandike ninachokijua. Ni ndefu kidogo, mwenye haraka atarudi jioni.

Msimamo wangu nauweka mapema. Turbo ni nadra kufa yenyewe, inauawa, na muuaji namba moja ni oili: oili chafu, oili iliyopungua, oili isiyo sahihi, au oili isiyofika kwa wakati. Watengenezaji wanaiunda idumu umri wa injini, na nishakutana na gari zimepita kilomita 200,000 turbo ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo gari ya turbo iliyotumika usiinunue kwa kuangalia rangi na viti, inunue kwa kuangalia aliyekuwa nayo aliitunzaje.

Nieleze kwanini nasema oili. Ndani ya turbo kuna shafti moja fupi, upande mmoja ina feni inayosukumwa na moshi wa eksozi, upande wa pili ina feni inayovuta hewa na kuishindilia kwenye injini. Hiyo shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na zile turbo ndogo za siku hizi zinapita 200,000. Upande wa moshi kwenye injini ya petroli joto linaweza kukaribia digrii 1,000 za Selsiasi. Sasa hapo katikati kwenye turbo nyingi hamna bering za gololi kama watu wanavyodhani, kuna bushi tu zinaelea kwenye utando mwembamba sana wa oili, utando ukikatika sekunde chache chuma kinagusa chuma na hapo ndo safari imeanza.

Na oili inafika pale kwa kipaipu chembamba. Kuna gari ililetwa kwangu imeshakula turbo mbili, ya kwanza ya kiwandani, ya pili mpya kabisa iliyofungwa na fundi mwingine na haikumaliza hata mwaka. Nikakitoa kile kipaipu nikakikata katikati. Kwa nje kilikuwa kizima, safi, hakina hata kutu, ila ndani oili ilikuwa imeungua ikaganda masizi meusi magumu ukutani pande zote, tundu lililobaki sindano ya kushonea ndo ingepita. Yule fundi alibadilisha turbo akaacha kipaipu kilekile, sasa hata angefunga turbo ishirini zote zingekufa. Kwa hiyo ukiona muuzaji anajisifu "turbo nimebadilisha juzi tu", usifurahi bado, muulize ya kwanza ilikufa na nini, na walipobadilisha walibadilisha na kipaipu cha oili, wakaosha sampu (bakuli la oili chini ya injini) na ile rejeta ya hewa ya mbele tunayoiita intakula? Vipande vya turbo iliyokufa vinabaki humo ndani, vinaingia kwenye injini baadaye. Akikujibu hajui, basi hiyo turbo mpya ni ya mashaka kuliko ya zamani.

Kitu kingine watu hawakijui. Toyota kwao Japan, gari za petroli za kawaida wanasema badili oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, ila zenye turbo wanasema kila kilomita 5,000 au miezi 6, na kama matumizi ni magumu, yaani safari fupifupi, vumbi, milima, foleni, wanasema 2,500 au miezi 3. Kampuni ileile! Sasa mtu ananunua gari ya turbo anaitunza kwa ratiba ya gari aliyokuwa nayo isiyo na turbo, halafu anakuja kulalamika turbo ni mbovu.

Maswali karibuni, ntajibu ninayoyajua.

#2

Mkuu shukrani. Kwa hiyo kilomita hazina maana? Mimi nimeambiwa turbo ikivuka laki moja niikimbie.

#3 Mleta uzi

Zina maana ila sio peke yake kaka. Nipe gari mbili, moja ina 160,000 na kitabu cha sevisi kinaonesha oili imebadilishwa kila mara kwa aina sahihi, nyingine ina 70,000 haina karatasi hata moja na mwenyewe anasema "ilikuwa inaendeshwa na mama kwenda sokoni tu". Nachukua ya 160,000 bila kufikiria. Hizo safari za sokoni tu ndo mbaya kwa turbo, injini haipati moto wa kutosha, petroli kidogo inapenya kwenye oili na unyevu haukauki, oili inakuwa nyepesi kama maji halafu ndo hiyo inatakiwa kubeba shafti inayozunguka mara laki na ushee kwa dakika. Honda wenyewe hili liliwakuta kwenye injini yao ya 1.5 turbo ya CR-V na Civic za kuanzia 2016, petroli ilikuwa inaingia kwenye oili hasa sehemu za baridi na kwa watu wa safari fupi, mpaka wakaongeza waranti. Ukichomoa kijiti cha kupimia oili, kinuse. Kikinuka petroli waziwazi, na oili imepanda juu ya alama ya mwisho, unajua kinachoendelea.

#4

Sasa sisi ambao sio mafundi tunakaguaje? Maana muuzaji atakuwashia gari utasikia inanguruma vizuri tu.

#5 Mleta uzi

Swali zuri sana hili dada, na hapa ntakaa muda.

Kwanza mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu ndefu gusa boneti, fungua gusa na injini kwa tahadhari. Kama ni ya moto ameipasha, na anayeipasha mara nyingi ana kitu anaficha, mwambie utarudi kesho. Gari ikiwa ya baridi kabisa chomoa kijiti cha oili, angalia kiwango. Injini nyingi za turbo zinakula oili kidogo, VW kwa mfano wanahesabu mpaka nusu lita kwa kilomita 1,000 kuwa bado ni kawaida, ambayo binafsi naona ni nyingi mno, sasa mwenye gari asiyefungua boneti kuanzia sevisi hadi sevisi anaendesha injini ina nusu ya oili bila kujua. Kijiti kikiwa kikavu gari haijatunzwa, hamna maelezo mengine ya maana. Fungua na kifuniko cha oili uangalie kwa chini, ukikuta uchafu mweusi mzito umegandamana kama lami funga boneti ondoka.

Washa sasa. Simama nyuma. Moshi mwepesi mweupe asubuhi ya baridi ukiisha baada ya muda ni mvuke tu. Usioisha na una harufu kama tamutamu, ni kulanti (maji ya kupoza injini) inaungua, hedi gasketi hiyo, ile sili kati ya injini na kichwa chake, au mbaya zaidi. Wa bluu ni oili. Iache inguruma palepale dakika kama kumi hivi, halafu mtu akanyage mafuta ghafla, turbo yenye sili mbovu hapo ndo inatoa wingu la bluu, maana oili ilikuwa inavujia kidogokidogo wakati injini imetulia. Hiki kipimo wauzaji hawakipendi kwa sababu kinachukua muda, wewe kifanye tu, piga stori.

Halafu endesha, na usiendeshe kuzunguka jengo tu, tafuta barabara yenye mlima. Zima redio. Filimbi laini inayopanda na mafuta ni sauti ya kawaida ya turbo. Kinachotisha ni sauti kama king'ora, inapanda na kushuka inakwaruza, hiyo bushi zimeisha. Ukisikia mlio wa hewa kutoka pshhh wakati unakanyaga na gari inakuwa nzito kupanda, na nyuma kuna moshi mweusi, kuna hosi imepasuka au klipu imelegea, hiyo ni nafuu kutengeneza ila itumie kushusha bei. Gari ya turbo nzima ukikanyaga kuanzia resi 2,000 hivi (mizunguko ya injini kwa dakika) unahisi inakusukuma mgongo kwenye kiti bila kusitasita. Ikisukuma halafu ikakata ghafla na kuwaka taa ya injini, imejifungia yenyewe kujilinda, usikubali kuambiwa "ni sensa tu".

Mwisho kwa hapa, lipa fundi wako, sio wa muuzaji, aje na mashine asome kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, na mwambie mbele yako afungue hosi ya hewa inayoingia kwenye turbo, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Utaiona feni ndogo ya aluminiamu. Angalia ncha za majani yake, ziwe kali na sawa, zikiwa zimekatikakatika au zimeliwa kuna mchanga au kitu kimepita, yaani eakilina (chujio la hewa) haikubadilishwa au ilitolewa. Ishike kwa vidole kitovu chake utikise. Juu chini kutakuwa na plei kidogo, yaani kuchezacheza, usiogope, ni kwa sababu oili haipo pale kuijaza nafasi. Ila ukiisukuma ndani na kuivuta nje isiwepo plei unayoihisi mkononi, na majani yasiguse kuta kokote. Utando mwembamba wa oili ndani ya hosi ni kawaida, unatoka kwenye upumuaji wa injini. Ikiwa oili imetuama mpaka inachirizika, hapana.

#6

Hapo kwenye feni umenifungua macho. Vipi kuhusu turbo taima? Kuna mtu anataka kuniuzia gari anasema ina turbo taima kwa hiyo turbo ni salama.

#7 Mleta uzi

Turbo taima ni kile kidude kinachoacha injini inguruma dakika moja mbili baada ya kutoa ufunguo. Kilikuwa na kazi enzi turbo zinapozwa na oili peke yake, ukizima gari imetoka kupanda mlima oili inasimama mle ndani inaungua, na ndo masizi niliyoyasema juu. Turbo nyingi za sasa zina njia za maji pia, na maji yanaendelea kuzunguka kwa nguvu ya joto lenyewe hata injini ikizimwa, nyingine zimewekewa pampu ndogo ya umeme. Cha kufanya ni rahisi kuliko kidude, zile dakika mbili tatu za mwisho kabla hujafika endesha taratibu, ukifika zima. Kama umetoka kasi kubwa ukasimama ghafla, iache kama dakika moja. Na asubuhi hivyohivyo, usikanyage sana mpaka oili ipate joto, sio kuipasha robo saa nyumbani, we ondoka tu polepole.

Tahadhari nyingine kwako mkuu, gari yenye turbo taima, geji ya busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) juu ya dashibodi, na vali ya kutoa hewa yenye mlio mkali, mara nyingi imechezewa. Mtu ameongeza busti kwa kompyuta, gari imekamuliwa, halafu akarudisha vitu akauza. Kwa anayenunua gari yake ya kwanza, iache ipite.

#8

Sisi wa dizeli unatusahau. Dizeli karibu zote za sasa zina turbo na watu hawalalamiki.

#9 Mleta uzi

Kweli kabisa, dizeli na turbo zimeoana zamani, moshi wake una joto dogo kuliko wa petroli kwa hiyo turbo inapumua. Toyota 1HD-FT ya lita 4.2 hadi leo watu wanaitafuta. Ila dizeli za kisasa zina ugonjwa wake, na unashangaza: zinakufa kwa kuendeshwa kistaarabu sana. Turbo zake nyingi zina vijani vinavyojifungua na kujifunga kurekebisha msukumo, na eksozi ina chujio la masizi. Chujio linajisafisha kwa kuunguza masizi kwenye joto la kama digrii 600, sasa gari haitoki foleni wiki nzima hilo joto halipatikani, chujio linaziba, vijani vinaganda, taa zinawaka. Kama safari zako zote ni za dakika kumi, dizeli mpya yenye chujio sio yako, hata kama umeipenda.

Na kwa usalama wenu, turbo ya dizeli ikipasuka sili vibaya injini inaweza kuanza kuvuta oili yake yenyewe na kuichoma kama dizeli. Inapanda resi yenyewe, unatoa ufunguo haizimi, moshi umejaa kila mahali. Kama ni ya manyuo kanyaga breki kwa nguvu, weka gia kubwa, achia klachi uizimishe. Ya otomatiki inabaki kuziba hewa inapoingilia, kwa ubao au kitu kigumu, USIWEKE MKONO, na kama huwezi kaa mbali nayo.

#10

Taja injini mkuu, tuache kuzungukazunguka. Ipi ya kununua ipi ya kukimbia?

#11 Mleta uzi

Sipendi kusema "kampuni fulani ni mbovu" maana kampuni moja ina injini nzuri na mbaya, ila haya nitasimama nayo.

Ford 1.0 EcoBoost na Peugeot/Citroen 1.2 PureTech zilitoka na taimingi beliti (mkanda unaopanga mwendo wa vali na pistoni) inayozunguka ndani ya oili. Oili isiyo sahihi au iliyochelewa inaila ile mpira, vipande vinaziba chujio la pampu ya oili, presha inashuka, turbo inakufa na injini nayo. Ukikuta yenye historia kamili ya oili na beliti imebadilishwa kwa risiti, sawa. Bila risiti acha.

VW, kwenye 1.4 TSI ya zamani ya cheni, familia ya EA111, cheni ilisumbua wengi. Iliyofuata ya EA211 kuanzia 2012 ilirudi kwenye beliti kavu na ni bora mno. Zile 1.8 na 2.0 TSI za familia ya EA888 za mwanzoni zilisumbua kwa ulaji wa oili na tenshena ya cheni (kile kinachoikaza), ulizia kama vilitengenezwa.

Subaru za injini za familia ya EJ zenye turbo nazipenda, ila ni injini ya mtu anayeijua. Kwenye baadhi yake kuna kijichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti ya kipaipu cha oili, kikiziba turbo inakauka. Pistoni zake pia hupasuka sehemu za ringi, hasa za 2.5 zilizochezewa busti. Usiinunue bila kupima kompresheni (presha ndani ya silinda) silinda zote nne.

Kwa anayeanza mimi ningemwambia aangalie Toyota ya 1.2 turbo (8NR-FTS) au 2.0 ya Harrier (8AR-FTS), Suzuki ya 1.4 Boosterjet, na vigari vya Japan vya cc 660 vyenye turbo, hivi havikamuliwi sana maana watengenezaji wenyewe walikubaliana visizidi nguvu farasi 64, ila vinataka oili mara kwa mara kwa sababu sampu ni ndogo.

Na oili kwa injini mpya zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, chukua iliyoandikwa API SP (API ni taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga viwango vya oili). Kuna tatizo la mchanganyiko wa hewa na petroli kuwaka kabla plagi haijapiga, ukiwa kwenye gia kubwa resi ndogo halafu umekanyaga mpaka chini, na inaweza kupasua pistoni. API walileta SN Plus 2018 kisha SP 2020 kwa ajili hiyo. Kwa hiyo mlimani shusha gia, usiilazimishe.

#12

Mimi nabaki palepale, gari ya kwanza chukua isiyo na turbo. Hayo yote mtu mpya hawezi kuyafuata.

#13 Mleta uzi

Sikupingi moja kwa moja mkuu. Kama mtu hela yake yote inaishia kwenye kununua gari, hajabakiza ya sevisi ya kwanza (oili, filta zote, plagi, kulanti, oili ya gia boksi), na anajijua ni wa kusogeza oili mbele mwezi baada ya mwezi, basi namwambia wazi achukue injini ya kawaida, itamsamehe mengi. Ila sio kwamba haya mambo hayawezekani. Oili sahihi kwa wakati, eakilina, kuangalia kijiti kila ukijaza tenki, petroli ya okteni iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tenki.

Uzembe huu haukuanza leo hata. Oldsmobile Jetfire ya 1962 Marekani, moja ya gari mbili za kwanza kuuzwa na turbo kiwandani, ilikuwa na tenki dogo la maji na methanoli la kupoza mwako. Kazi ya mwenye gari ilikuwa kulijaza tu. Watu hawakulijaza, gari ikawa haina nguvu, nyingi zikaishia kutolewa turbo zikafungiwa kabureta ya kawaida. Injini haikuwa na kosa pale.

#14

Mkuu kesho asubuhi naenda kuona Harrier turbo, mwenye nayo anasema sevisi zote zimefanyika ila kitabu kimepotea. Nifanyeje?

#15 Mleta uzi

Nenda mapema asubuhi, gari iwe ya baridi. Muulize alikuwa anafanyia wapi sevisi, na wapigie simu ukiwa palepale, gereji nyingi zinatunza kumbukumbu kwa namba ya gari. Angalia kibandiko cha oili mlangoni au ndani ya boneti, linganisha kilomita zake na za dashibodi. Hosi ya turbo ifunguliwe mbele yako. Akikataa kimoja kati ya hivyo usibishane naye, shukuru urudi nyumbani, Harrier zipo nyingi. Ukimaliza weka hapa picha ya kijiti cha oili na ya ile feni, nitaziangalia kesho nikitoka kazini.